KUTENGENEZA CHUO CHA ASKARI GILGIL: FEDHA HUTOKA WAPI, NA RAIA HUPATA FAIDA GANI?

Kila mwaka habari za fedha za Serikali zitangazwapo, watu wa mjini na wa mashambani husikia kwamba kiasi fulani kimetengwa kwa ajili ya kutengeneza majengo ya polisi. Wengi huuliza swali ambalo ni la haki kabisa. Husema: "Zahanati yetu haina dawa za kutosha, na watoto wetu hubanana madawatini. Kwa nini kodi yetu iende kuezeka mabweni ya askari?" Swali hili lastahili kujibiwa kwa utaratibu, na mahali pazuri pa kulijibia ni Gilgil, katika Kaunti ya Nakuru.

Gilgil ni mji mdogo ulio katika Bonde la Ufa, baina ya Naivasha na Nakuru, kando ya barabara kuu itokayo Nairobi. Tawi la reli la Nyahururu liliungana na njia kuu hapo. Tangu zamani mji huu umejulikana kwa kambi zake. Kuna kambi ya jeshi, kuna chuo cha Huduma ya Vijana kwa Taifa, ijulikanayo kama NYS, na kuna makao makuu ya Kikosi cha Polisi cha Kuzuia Wizi wa Mifugo pamoja na shule yake ya mafunzo.

Kikosi hiki cha mwisho ndicho kinachotuhusu hapa. Askari wake hupelekwa Baringo, Samburu, Laikipia, Turkana, Pokot Magharibi na Elgeyo Marakwet, mahali ambapo ng'ombe na ngamia ni mali ya mtu, mahari ya mwanawe na akiba yake ya siku ya njaa. Wakiibwa usiku mmoja, jamaa nzima huweza kuwa maskini asubuhi. Kwa hiyo paa linalovuja katika shule ya askari si jambo la watu wa Gilgil peke yao. Mfugaji wa Baragoi, ambaye huenda hajapata kuuona mji huo maisha yake yote, ana haki sawa ya kujua hali ya mahali anapofundishwa askari atakayekuja kufuata nyayo za ng'ombe wake.

MAMBO MAWILI YALIYOLETA FUNZO

Jambo la kwanza ni machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133 katika nchi nzima. Vifo 744 kati ya hivyo vilitokea katika Mkoa wa Bonde la Ufa, yaani karibu viwili katika kila vitatu. Nakuru na Naivasha ziliona nyumba zikichomwa na majirani wakikimbiana. Tume hiyo ilieleza tena kwamba watu 405 walikufa kwa risasi. Ilisema bila kuficha kwamba polisi hawakuwa wamejitayarisha ipasavyo, kwamba mahali pengine walitumia nguvu kupita kiasi, na kwamba wengine walishindwa kuwalinda raia waliokuwa wakililia msaada.

Baada ya hapo, mwaka 2009, jopo lililoongozwa na Jaji mstaafu Philip Ransley lilitoa mapendekezo zaidi ya 200 ya kuwageuza polisi wawe watumishi wa raia. Mafunzo yalikuwa miongoni mwa mambo makubwa yaliyotajwa. Katiba ya mwaka 2010 ikalitia nguvu jambo hilo. Kifungu cha 244 kinaiagiza Huduma ya Polisi kuwafundisha watu wake kwa kiwango cha juu cha ustadi na uaminifu, na kuwafunza kuheshimu haki na utu wa mwanadamu. Muda wa mafunzo ya makurutu uliongezwa kutoka miezi 9 hadi miezi 15, ingawa baadaye ulipunguzwa tena.

Hapa msomaji aangalie jambo moja ambalo husahauliwa. Kuongeza miezi ya mafunzo ni rahisi katika karatasi. Lakini kurutu akaaye chuoni miezi 15 hutumia kitanda, maji, jiko na choo kwa muda mrefu zaidi kuliko yule wa miezi 9. Kitanda hicho hakitapata nafasi kwa kurutu mwingine mpaka wa kwanza aondoke. Kwa hiyo sheria njema isiyofuatwa na fedha za majengo huishia kuwasonga vijana wengi katika bweni lililojengwa kwa ajili ya wachache.

Jambo la pili lilitokea tarehe 10 Novemba 2012 katika Bonde la Suguta, karibu na Baragoi. Askari walitumwa kuwarudisha ng'ombe walioibwa. Wezi waliokuwa wamejificha juu ya vilima wakawavizia katika korongo na kuwaua zaidi ya 40. Wengi wa marehemu walikuwa vijana waliotoka chuoni muda si mrefu. Taifa lote liliomboleza, na watu wakauliza kwa nini wanagenzi walipelekwa katika nchi ngumu namna ile. Mnamo Februari 2023 Serikali ililazimika kupeleka jeshi kuwasaidia polisi katika kaunti sita za Bonde la Ufa kwa sababu ya wizi huo huo wa mifugo. Tangu Suguta miaka zaidi ya kumi ilikuwa imepita, na kazi ilikuwa haijaisha.

Mambo haya mawili yana funzo moja. Askari asiyefundishwa vema ni hatari kwa namna mbili: huweza kumuua raia asiye na hatia, na huweza kufa yeye mwenyewe bure.

JENGO LAFUNDISHA NINI?

Wako wanaosema kwamba askari hufunzwa na mwalimu, wala hafunzwi na ukuta. Neno hili ni kweli kwa sehemu. Jengo zuri lenye mwalimu mvivu halitatoa askari mwema. Lakini na tutazame kazi za siku moja chuoni.

Asubuhi makurutu huingia darasani kujifunza sheria: ni lini askari aruhusiwa kumkamata mtu, ni lini aruhusiwa kutumia bunduki, na jinsi ya kuandika maelezo ya shahidi ili kesi isivunjike mahakamani. Ikiwa paa lavuja na mvua inapiga mabati matupu, mwalimu hasikiki na madaftari hulowa. Mara nyingi somo la kwanza kuachwa ni hili la darasani, kwa maana gwaride laweza kufanywa hata uwanjani. Hivyo chuo kibovu huendelea kutoa vijana wanaojua kupiga hatua na kushika silaha, lakini wasiojua sheria. Raia ndiye atakayelipa gharama ya somo lililoachwa.

Baadaye huenda uwanja wa shabaha. Uwanja huo wahitaji kingo za udongo zilizo imara ili risasi zisivuke zikamdhuru mchungaji au mama atafutaye kuni. Udongo wa Gilgil ni mwepesi, wenye majivu ya volkano ya kale, na ni nchi ile ile ambamo unga mweupe wa madini huchimbwa huko Kariandusi. Maji ya mvua huukata udongo huo upesi. Kwa hiyo kingo, mitaro na njia za maji hazitengenezwi mara moja zikaachwa. Zahitaji kuangaliwa kila msimu.

Maji ya kunywa nayo ni jambo la kufikiriwa. Sehemu nyingi za Bonde la Ufa zina maji ya visima yenye madini ya floraidi kupita kiasi. Madini hayo hufanya meno kuwa ya kahawia, na mtu akinywa miaka mingi huweza kudhuru mifupa yake. Kwa hiyo kutengeneza mfumo wa maji wa kambi mahali kama hapo kwahitaji kuyapima maji na, pengine, kuyasafisha. Kubadili mabomba peke yake hakutoshi.

Liko pia jambo la mapaa ya zamani. Majengo mengi ya Serikali yaliyojengwa kabla ya Uhuru na miaka michache baadaye yaliezekwa kwa vigae vya asbesto. Vumbi la asbesto likivutwa huleta ugonjwa mbaya wa mapafu, nao hujitokeza baada ya miaka mingi. Haifai fundi kupanda na nyundo akavivunja ovyo. Kuviondoa kuna utaratibu wake chini ya sheria za mazingira, na gharama yake ni kubwa kuliko ya kuondoa mabati. Mtu aonapo hesabu ya paa moja imekuwa kubwa, aulize kwanza kama ni paa la namna hiyo, kabla ya kusema kwamba fedha zimeibwa.

GHARAMA YA KUNGOJA

Wazee walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na fundi yeyote ataweza kuonyesha hesabu ya methali hiyo. Bati moja likitoboka, mtu na ngazi yake hulibadili kwa siku moja. Likiachwa misimu miwili, maji huozesha boriti, na kazi huwa ya seremala pamoja na mwezekaji. Likiachwa misimu mingine, maji hushuka ukutani, lipu hubanduka na nyaya za umeme hulowa. Bweni zima hufungwa, na makurutu wake huhamishiwa katika bweni la jirani ambalo lilikuwa limejaa tayari. Choo cha bweni hilo la pili huzidiwa, maradhi huingia, na siku za mafunzo hupotea hospitalini. Ubovu wa bati moja umekuwa ubovu wa chuo.

Ijapokuwa jambo hili ni wazi, fedha za matengenezo ndizo zinazokatwa kwanza mahali pengi duniani. Sababu yake si ngumu kufahamu. Sehemu kubwa zaidi ya fedha za polisi hulipa mishahara, na mshahara haukatiki bila kilele. Mafuta ya magari hayakatiki, kwa maana doria itasimama siku hiyo hiyo. Lakini paa halipigi kelele. Hungoja mwaka ujao, na mwaka ujao hungojeshwa tena.

SAFARI YA SHILINGI

Sasa na tuifuate shilingi ya kodi kutoka mfukoni mwa raia hadi juu ya paa.

Mwaka wa fedha wa Serikali ya Kenya huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Kabla ya hapo kila idara huandika mahitaji yake. Makadirio ya matumizi hupelekwa Bungeni kabla ya tarehe 30 Aprili. Kamati za Bunge huyachunguza, na raia ana haki ya kutoa maoni yake, kwa kuwa Kifungu cha 201 cha Katiba chasema mambo ya fedha za umma yafanywe kwa uwazi na kwa kuwashirikisha watu. Fedha hugawanywa mafungu mawili, moja la matumizi ya kawaida na moja la maendeleo. Kupaka rangi na kubadili kitasa ni matumizi ya kawaida. Kujenga bweni jipya ni maendeleo.

Hapo awali fedha za polisi zilikuwa chini ya wizara. Mnamo Septemba 2022 Rais William Ruto aliagiza kwamba fedha hizo zitolewe huko na kuwekwa mikononi mwa Huduma ya Polisi yenyewe, na Inspekta Jenerali awe ndiye mwenye kujibu juu yake. Maana ya badiliko hili kwa mtu wa kawaida ni kwamba sasa mtu wa kuulizwa anajulikana.

Fedha zikiisha kuidhinishwa, wataalamu wa ujenzi wa Serikali hupima jengo na kuandika orodha ya kazi na vifaa vyote, mabati kwa idadi yake na saruji kwa mifuko yake. Kisha zabuni hutangazwa. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 yataka zabuni zifunguliwe mbele ya watu, na mkandarasi anayedhani ameonewa aweza kulalamika katika muda wa siku 14. Asilimia 30 ya kazi za Serikali hutengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kwa njia hiyo fundi kijana wa Gilgil mwenye kampuni iliyoandikishwa ana nafasi ya kupata kazi iliyo karibu na kwao.

Mkandarasi halipwi fedha zote kwa mara moja. Hulipwa kwa kadiri ya kazi iliyokaguliwa, na sehemu fulani huzuiliwa mpaka muda wa kungojea kasoro uishe. Tuseme kazi ni ya shilingi milioni 10, na mkataba wasema asilimia 10 izuiliwe. Shilingi milioni 1 itabaki mkononi mwa Serikali kwa miezi kadhaa baada ya kazi kwisha. Mvua ikinyesha na paa likavuja, mkandarasi atarudi kulitengeneza kwa gharama yake, au aikose milioni hiyo. Ulinzi huu ni mzuri sana, lakini hufaa tu ikiwa mkaguzi amekwenda kutazama wakati wa mvua, wala hakutia sahihi akiwa ofisini.

Mwisho Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huchunguza yaliyotendeka, na Katiba yamtaka atoe ripoti katika miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kwisha.

JE, KAUNTI AU WAGENI HAWAWEZI KUSAIDIA?

Watu wengine huuliza kwa nini Kaunti ya Nakuru isikitengeneze chuo kilicho katika ardhi yake. Jibu ni kwamba Katiba imeuweka wajibu wa polisi mikononi mwa Serikali ya Taifa. Hazina ya Maendeleo ya Maeneo Bunge imesaidia kujenga vituo vidogo vya polisi mahali pengi, lakini chuo cha taifa zima ni mzigo mkubwa kuliko eneo moja la bunge.

Kuhusu misaada ya nchi za nje, yafaa kufahamu mipaka yake. Nchi tajiri huhesabu misaada yao kwa kanuni zilizokubaliwa katika shirika la OECD lenye makao Paris. Kwa kanuni hizo, kuwafundisha polisi kazi za kawaida za kiraia huhesabiwa kuwa msaada wa maendeleo, lakini mafunzo ya kivita na silaha hayahesabiwi. Kikosi kinachofuata wezi wenye bunduki milimani kimesimama karibu na mpaka huo. Kwa sababu hiyo mfadhili aweza kukubali kwa furaha kutengeneza darasa la sheria, lakini akakataa uwanja wa shabaha.

Tena msaada waweza kukoma ghafla. Huko Rajaf, karibu na Juba, chuo cha polisi cha Sudan Kusini kilipata msaada wa Umoja wa Mataifa na nchi rafiki. Vita vilipozuka Desemba 2013 mipango ilivurugika, na mwezi wa Mei 2014 Baraza la Usalama lilikiagiza kikosi chake kuwalinda raia kwanza na kuacha kazi ya kujenga taasisi za Serikali. Kosa halikuwa la mabweni, lakini mabweni yaliathirika. Nchi inayotaka askari wake wafundishwe kila mwaka ni lazima iwe na fungu lake yenyewe kila mwaka, na msaada uwe nyongeza tu.

MAHALI SHILINGI INAPOWEZA KUPOTEA

Watu wa Gilgil hawahitaji kuambiwa kwamba fedha za umma zaweza kupotea njiani. Chuo kikubwa cha NYS kiko kwao, nao waliisikia mwaka 2015 sakata ya shilingi milioni 791 za idara hiyo, na nyingine tena mwaka 2018. Fedha zile hazikuwa za polisi, lakini funzo ni lile lile. Kutoa fedha bila kuzifuata ni sawa na kuteka maji kwa kikapu.

Katika matengenezo, hasara hujificha katika mambo madogo. Bati jembamba huwekwa mahali pa bati nene. Mchanga huzidishwa na saruji hupunguzwa. Rangi hupakwa juu ya ukuta uliolowa ili ukaguzi upite, na miezi michache baadaye hubanduka. Kazi ile ile huandikwa mara mbili katika miaka miwili.

Raia hana ruhusa ya kuingia kambini na kupanda juu ya paa, na si vema aruhusiwe, kwa kuwa mna silaha. Lakini hakuachwa bila njia. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 humpa Mkenya haki ya kuandikia ofisi ya Serikali na kuuliza: kazi gani ilitangazwa, nani aliipata, kwa bei gani, na imekwisha au haijaisha. Ofisi yapaswa kumjibu katika muda wa siku 21. Habari ambazo kutolewa kwake kwaweza kuhatarisha usalama wa taifa huweza kuzuiliwa, lakini bei ya mabati ya bweni ni vigumu kuiita siri ya usalama. Ripoti za Mkaguzi Mkuu hutolewa kwa watu wote, na mwalimu wa kijiji aweza kuwasomea wenzake sehemu inayowahusu. Mbunge naye aweza kuulizwa barazani jinsi alivyopiga kura juu ya fungu hilo.

JAMBO LA KUKUMBUKA

Majengo mazuri peke yake hayataondoa woga ambao watu wengi wa Bonde la Ufa wanao juu ya polisi tangu mwaka 2008. Woga huo utaondoka askari atakapokuja kijijini, akaandika maelezo ya mlalamikaji kwa usahihi, akarudisha ng'ombe kwa mwenyewe bila kudai chochote, na asimpige mtu aliyekwisha kukamatwa. Na akikosa, iko Mamlaka Huru ya Kuwachunguza Polisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, ambayo hupokea mashtaka ya raia.

Lakini tabia hiyo njema yafundishwa mahali fulani, kwa miezi mingi, kwa kijana aliyelala usingizi, aliyekunywa maji safi na aliyemsikia mwalimu wake. Zahanati na dawati vinahitaji fedha, na hakuna anayepinga. Hata hivyo zahanati hufungwa siku majambazi wanapokuja, na dawati hubaki tupu kijiji kinapohama usiku. Wazazi wa Baringo na Samburu wameyaona hayo kwa macho yao. Kwa hiyo mlipa kodi asiulize tu kwa nini chuo cha askari kinatengenezwa. Na aulize pia kama fedha zilizotolewa zimefika, kama paa lililolipiwa halivuji, na kama somo la sheria lilifundishwa chini yake.